Lubumbashi hadi Guangzhou: namna ya kupata kilomita, saa za hewani na saa ya kufika

Kila mara wafanyabiashara wa soko la mtaa wa Kenya, hapa Lubumbashi, wanapokaribia kufunga safari ya kwenda kununua bidhaa China, simu yangu hailali. Swali ni lile lile: "Ndugu, mpaka Guangzhou ni saa ngapi?" Swali ni fupi, lakini limebeba maswali matatu. Ndeke itakaa hewani saa ngapi? Safari nzima, toka mlango wa nyumba hadi mlango wa hoteli, itakula saa ngapi? Na ukishuka kule, saa ya ukutani itakuwa inasoma ngapi? Majibu yake ni matatu, na hayafanani hata kidogo. Nimeona yaya wangu, yaani ndugu yangu mkubwa, akipoteza tiketi kwa sababu aliyachanganya. Kisa chake nitakileta mahali pake, tukifika kwenye safari ya kurudi.

Nitafanya hesabu yote kwa safari moja, Lubumbashi hadi Guangzhou, ili uone namba zinavyotembea. Ukiielewa hii, utaweza kupiga hesabu ya Bruxelles, Dubai au Montréal bila kumuuliza mtu. Unahitaji karatasi, kalamu, na simu yenye kikokotoo cha vitufe vya sin na cos. Kwenye simu nyingi vitufe hivyo hujitokeza ukiilaza simu.

Hatua ya 1: Taja uwanja, usitaje mji

Ndeke haiendi "Kinshasa". Inaenda N'djili, au inaenda N'dolo, na hivyo ni viwanja viwili tofauti. Vivyo hivyo mtu akisema anatua Bruxelles, huenda kwa kweli anatua Charleroi, ambako atahitaji gari la saa nzima kufika mjini. Ndiyo maana kila uwanja una alama ya herufi tatu, na hiyo ndiyo ya kuaminiwa kwenye tiketi. Luano, uwanja wetu, ni FBM. N'djili ni FIH. Bole ya Addis Ababa ni ADD. Baiyun ya Guangzhou ni CAN, kwa sababu zamani Wazungu waliuita mji huo Canton. Wapo wanaoiona CAN wakadhani ni Canada. Sivyo.

Hatua ya 2: Andika mahali pa kila uwanja

Fungua ramani kwenye simu, tafuta uwanja, kisha bonyeza na ushikilie kidole juu yake. Zitatokea namba mbili. Ya kwanza ni latitudo, yaani umbali kutoka ikweta kwenda kaskazini au kusini. Ya pili ni longitudo, yaani umbali kwenda mashariki au magharibi kutoka mstari wa Greenwich. Tarakimu mbili baada ya nukta zinatosha kabisa kwa kazi hii. Kwa safari yetu andika hivi:

Luano (FBM): -11.59, 27.53
Bole (ADD): 8.98, 38.80
Baiyun (CAN): 23.39, 113.30

Tazama alama ya kutoa mbele ya 11.59. Inasema kwamba Lubumbashi iko kusini mwa ikweta. Alama hiyo ndogo ina uzito mkubwa, utauona punde.

Hatua ya 3: Pima kwanza kwa uzi

Kama shuleni kwa watoto wako kuna tufe la dunia, omba ulitumie dakika tano. Weka ncha ya uzi juu ya Lubumbashi, uvute mpaka Guangzhou, uukaze vizuri. Uzi uliokazwa hautakwenda kwa njia unayoiona kwenye ramani ya ukutani. Utajichagulia njia fupi kuliko zote, nayo ndiyo njia ambayo marubani huanzia hesabu zao. Kwenye tufe la kipenyo cha sentimita 30, mzunguko wote ni kama sentimita 94, na mzunguko wa dunia ni kama kilomita 40,000. Hivyo kila sentimita ya uzi ni karibu kilomita 425. Uzi wako utapima sentimita 24 hivi. Zidisha, utapata zaidi kidogo ya kilomita 10,000.

Fuata kwa macho pale uzi unapopita. Unatoka Katanga kuelekea mashariki-kaskazini, unakata Tanzania, unaingia baharini karibu kabisa na Zanzibar, unaivuka ikweta juu ya Bahari ya Hindi, unapita juu ya India ya kusini, kisha Myanmar na kaskazini mwa Vietnam, ndipo unafika. Mimi napenda sana kuwaonyesha watoto jambo hili: toka kwetu hadi Guangzhou ni robo ya dunia, karibu kamili. Ukienda mara nne mwendo huo huo bila kukata kona, unarudi Luano.

Hatua ya 4: Sasa kwa kikokotoo

Kabla ya yote, hakikisha kikokotoo kiko kwenye DEG, si RAD. Jaribu kuandika cos 60. Kikikujibu 0.5, mko pamoja. Kikikupa namba nyingine, badilisha kwanza, la sivyo kila kitakachofuata kitakuwa uongo.

Toa longitudo moja kwenye nyingine: 113.30 kutoa 27.53 ni 85.77. Hiyo ndiyo tofauti ya mashariki-magharibi.

Zidisha sin ya latitudo ya kwanza kwa sin ya latitudo ya pili. Sin ya -11.59 ni -0.2009, na sin ya 23.39 ni 0.3970. Jibu ni -0.0798.

Kisha zidisha cos tatu: cos ya latitudo ya kwanza, cos ya latitudo ya pili, na cos ya ile tofauti. Yaani 0.9796 mara 0.9178 mara 0.0738. Jibu ni 0.0664.

Jumlisha majibu mawili: -0.0798 na 0.0664, unapata -0.0134. Sasa bonyeza kitufe cha kurudisha cos, kile kilichoandikwa cos na -1 ndogo juu yake. Kitakupa nyuzi 90.77 (nyuzi hapa ni digrii, si ule uzi wa tufe). Hiyo ndiyo robo ya dunia niliyoisema, kwa kuwa dunia nzima ni nyuzi 360.

Mwisho, kila uzi mmoja juu ya uso wa dunia ni kilomita 111.2. Zidisha 90.77 kwa 111.2, unapata kilomita 10,090 na ushee.

Ukiisahau ile alama ya kutoa, hesabu itakupa nyuzi 81.6 hivi, sawa na kilomita 9,070. Umepoteza kilomita 1,000 nzima. Kilichotokea ni kwamba umeiondoa Lubumbashi mahali pake ukaipeleka nyuzi 11.59 kaskazini mwa ikweta, ndani ya Sudan, halafu ukapima kutoka huko. Nimewasahihisha wanafunzi wawili wa chuo kikuu kwa kosa hili hili, kwa hiyo usijisikie vibaya likikupata. Rudi tu ukaangalie alama.

Dunia si duara kamili, imebonyea kidogo kwenye ncha, kwa hiyo jibu hili linaweza kupishana na la wataalamu kwa sehemu ndogo ya asilimia moja. Kwa msafiri haina shida.

Hatua ya 5: Kata safari vipande kama ndeke inavyoikata

Hakuna ndeke ya abiria inayotoka Luano moja kwa moja hadi Guangzhou. Sababu si umbali. Ndeke kubwa za siku hizi, kama Boeing 787, zinaruka zaidi ya kilomita 10,090 bila kutua. Shida ni abiria: wanaokwenda siku moja, toka mji mmoja, hawatoshi kuijaza. Kwa hiyo wengi wetu tunapitia Addis Ababa, ambako watu wa nchi nyingi wanakusanywa pamoja.

Rudia ile hesabu ya hatua ya 4 mara mbili. Luano hadi Bole utapata kilomita 2,600 hivi. Bole hadi Baiyun utapata kama 8,040. Jumla ni 10,640. Yaani kupitia Addis kunakuongezea kilomita 550 tu, sehemu moja kati ya ishirini. Huo ni mzunguko mzuri. Linganisha na mtu wa hapa anayekwenda Bruxelles kwa kupitia Addis: mstari wa moja kwa moja ni kama kilomita 7,300, lakini kwa njia hiyo anaruka kama 8,220. Kilomita 920 zaidi, karibu saa nzima na dakika kadhaa hewani. Mtu wa tiketi hawezi kukwambia hilo, wala si kazi yake. Kikokotoo kitakwambia.

Ukiwa hapo hapo na kalamu, pima na miji ya jirani. Luano hadi N'djili ni kama kilomita 1,550. Luano hadi Nairobi ni 1,540 hivi. Luano hadi Johannesburg ni kama 1,610. Miji mitatu mikubwa, pande tatu tofauti za Afrika, na sisi tuko katikati yake karibu sawasawa. Nilipoipata hesabu hiyo mara ya kwanza niliirudia mara tatu, kwani tangu utoto tulizoea kusema Kinshasa ni kwetu na Johannesburg ni mbali.

Hatua ya 6: Geuza kilomita kuwa saa za hewani

Ndeke ya jeti ikishatulia juu hukimbia kama kilomita 850 hadi 900 kwa saa. Lakini haianzi na mwendo huo wala haimalizi nao. Inatembea chini, inapanda, kisha mwisho inapunguza na kupanga foleni ya kutua. Kanuni ninayoitumia mimi ni hii: gawanya kilomita kwa 850, kisha ongeza nusu saa. Fanya hivyo kwa kila kipande peke yake, kwa sababu kila kipande kina kupaa kwake na kutua kwake.

Luano hadi Bole: 2,600 kugawa kwa 850 ni 3.06. Ongeza 0.5, unapata 3.56. Hapa simama kidogo. Hiyo 3.56 si saa tatu na dakika 56. Ni saa tatu na sehemu 0.56 ya saa, na saa ina dakika 60, kwa hiyo zidisha 0.56 kwa 60: dakika 34. Tuseme saa 3 na dakika 35.

Bole hadi Baiyun: 8,040 kugawa kwa 850 ni 9.46. Ongeza 0.5, unapata 9.96. Ni saa 10.

Kwa hiyo hewani, kwenda, ni saa 13 na dakika 35. Jibu la swali la kwanza ni hilo.

Kurudi kunachukua muda mrefu kidogo. Kule juu, kwenye kilomita kumi na zaidi, upo mkondo wa upepo unaovuma kutoka magharibi kwenda mashariki, na unakuwa na nguvu zaidi wakati wa baridi ya kaskazini, kati ya Desemba na Februari. Ukienda China unakusukuma mgongoni. Ukirudi unakupiga usoni. Kwa kipande cha Guangzhou hadi Addis mimi huongeza dakika 45, na mara nyingi inakuwa karibu na ukweli. Kipande cha Addis hadi Lubumbashi kinakwenda kaskazini-kusini, kwa hiyo upepo huo haukigusi sana.

Kwa ndeke ndogo za panga, zile zinazokwenda miji ya ndani, tumia 500 badala ya 850.

Hatua ya 7: Geuza saa za hewani kuwa saa ya ukutani

Hapa ndipo watu wengi wanapopotea, kwa hiyo tutakwenda polepole.

Saa inayoandikwa kwenye tiketi ni saa ya mahali ndeke ilipo. Saa ya kuondoka ni ya mji wa kuondokea, na saa ya kufika ni ya mji wa kufikia. Ukitoa moja kwenye nyingine hupati muda wa safari, isipokuwa miji yote miwili iko kwenye saa moja.

Mfano wa nyumbani unatosha kulionyesha hilo. Kongo ina saa mbili: huku kwetu Katanga, pamoja na Kasai na Kivu, tuko saa moja mbele ya Kinshasa. Tuseme ndeke inatoka Luano saa 10:00 na kuruka saa 2 na dakika 20. Inafika N'djili saa 11:20 ya kule. Mtu akisoma tiketi anaona saa moja na dakika 20, anashangaa ndeke ilivyo na mbio. Jioni inaondoka N'djili saa 15:00 na kutua Luano saa 18:20. Sasa anaona saa tatu na dakika 20, anasema rubani wa jioni ni mvivu. Ndeke ni ile ile na njia ni ile ile.

Dawa yake ni kuzigeuza saa zote ziwe saa moja ya dunia, inayoitwa UTC. Lubumbashi tuko mbele ya UTC kwa saa 2. Addis iko mbele kwa saa 3. China yote, pamoja na upana wake, inatumia saa moja tu, mbele ya UTC kwa saa 8. Kupata UTC, toa namba hiyo kwenye saa ya mahali. Kurudi kwenye saa ya mahali, iongeze.

Tufanye na saa za mfano (za kwako utazisoma kwenye tiketi yako):

Unaondoka Luano saa 14:00. Toa 2, ni UTC 12:00.
Ongeza saa 3 na dakika 35. UTC 15:35. Addis ongeza 3: unafika saa 18:35.
Unaondoka Addis saa 23:30. Toa 3, ni UTC 20:30. Umesubiri saa 4 na dakika 55.
Ongeza saa 10. UTC 6:30, siku ya pili. Guangzhou ongeza 8: unafika saa 14:30.

Safari nzima, kutoka UTC 12:00 hadi UTC 6:30 ya kesho, ni saa 18 na dakika 30. Lakini kwenye tiketi umeondoka saa 14:00 leo, umefika saa 14:30 kesho, na anayesoma harakaharaka atasema ni saa 24 na nusu. Zile saa 6 za ziada hakuna aliyezikaa. Ni tofauti kati ya saa yetu na saa yao.

Mambo mawili ya kuangalia hapa. La kwanza, Ulaya hubadilisha saa mara mbili kwa mwaka, Jumapili ya mwisho ya Machi na Jumapili ya mwisho ya Oktoba. Wakati wao wa joto Bruxelles na Lubumbashi zina saa ile ile. Wakati wa baridi wao wako nyuma yetu kwa saa moja. China, Ethiopia na sisi hatubadilishi kamwe. La pili, ukiwa Addis, jihadhari na saa za mdomo. Waethiopia huhesabu saa kuanzia alfajiri, kama Waswahili wa pwani wanavyohesabu: saa mbili yao ya asubuhi ndiyo 8:00 ya tiketi. Mfanyakazi mwema akikwambia kwa mdomo ndeke yako ni saa tano, tazama ubao.

Hatua ya 8: Kurudi, na tarehe inayoanza usiku wa manane

Yaya wangu anauza viatu na mikoba. Safari yake ya tatu Guangzhou alikaa mtaa wa Xiaobei, wanakofikia Waafrika wengi, na tiketi yake ya kurudi ilisomeka Ijumaa, saa 00:30. Siku ya Alhamisi, saa 17:00 ya huku, nikampigia kumuuliza kama ameshafika uwanjani, kwa kuwa kule ilikuwa tayari saa 23:00.

"Niko ku otele," akanijibu. "Ndeke ni kesho, Ijumaa."

Nikamuuliza tena, asome tiketi neno kwa neno. Akasoma: Ijumaa, sifuri sifuri thelathini. Akakaa kimya. Nusu saa baada ya usiku wa manane wa Ijumaa ni usiku ule ule wa Alhamisi alioketi nao, na ndeke ilikuwa imebakiza saa moja na nusu. Baiyun iko nje ya mji, kaskazini, kama kilomita 28 kutoka katikati. Mizigo yake ilikuwa bado haijafungwa. Alilipa tena tiketi, akalipa na hoteli siku tatu, na faida ya mikoba yote ikaishia hapo. Mimi mwenyewe nilikuwa na nakala ya tiketi hiyo kwenye simu yangu kwa mwezi mzima, na sikuifungua.

Kwa hiyo: ukiona saa inayoanza na 00, 01 au 02, andika pembeni kwa mkono wako siku ya kuondoka hotelini. Usiandike siku ya ndeke. Kwa tiketi kama ya yaya, andika "Alhamisi, saa 20:00, kutoka hotelini". Tarehe ya ndeke ni ya wale wanaopanga ndeke. Ya kwako ni ile ya kufunga begi.

Ukiipiga hesabu ya kurudi kwa UTC utaona maajabu yake upande wa pili. Kutoka Guangzhou 00:30 ni UTC 16:30 ya jana yake. Ongeza saa 10 na dakika 45, upepo ukiwa usoni, unafika Addis UTC 3:15, yaani saa 6:15 asubuhi ya pale. Ukiondoka saa 10:00, unatua Luano saa 12:35. Saa za ukutani zinasema saa 12 na dakika 5, lakini mwili wako umekaa safarini saa 18 na dakika 5, na ndio unaojua ukweli. Usipange kwenda sokoni mchana ule.

Hatua ya 9: Kutoka mlango hadi mlango

Mwaka 1925 rubani Mbelgiji Edmond Thieffry alikuwa wa kwanza kuruka kutoka Ubelgiji hadi Kongo. Aliondoka Bruxelles Februari, akatua Léopoldville (Kinshasa ya leo) Aprili, baada ya siku 51. Muda mwingi wa siku hizo ndeke yake ilikuwa ardhini, na hata leo, kwa kiasi kidogo zaidi, ndivyo ilivyo: ardhini ndiko saa zinakopotea.

Kwa saa 18 na dakika 30 za kwenda, ongeza zako. Kufika Luano saa 3 kabla ya ndeke kuondoka, kwa kuwa kuna mizigo, pasipoti, na kadi ya homa ya manjano ambayo ni lazima uionyeshe. Barabara kutoka Kenya, Katuba au Ruashi, hesabu saa nzima, na wakati wa mvua ongeza. Kule Baiyun, uhamiaji na mizigo, hesabu saa 2. Teksi au metro hadi mjini, saa 1. Jumla ni saa 25 na nusu. Ukimwambia mtu anayekusubiri Xiaobei kwamba utakuwa hotelini saa 14:30, atasimama mlangoni bure hadi saa 17:30.

Angalia na muda wa kusubiri Addis kabla hujalipa tiketi. Tiketi mbili za bei moja zinaweza kuwa na saa 2 za kusubiri na saa 14 za kusubiri. Ukichanganywa na tofauti ya saa, macho hayaoni. Zigeuze UTC zote mbili ndipo uchague. Saa 2 zinatosha iwapo tiketi ni moja na mizigo inapita yenyewe. Iwapo umenunua tiketi mbili mbalimbali, usikubali chini ya saa 5, kwa sababu ya kwanza ikichelewa ya pili haitakungoja.

Kwa anayetumia dawa kwa saa, hasa sindano za sukari au vidonge vya presha, hesabu hii si ya biashara tena. Dawa ya kila saa 12 inafuata mwili, haifuati ukuta wa uwanja. Ukinywa saa 7:00 asubuhi hapa Lubumbashi, ya pili ni saa 19:00 ya Lubumbashi, ambayo Addis ni saa 20:00, na inayofuata, saa 7:00 ya Lubumbashi, itakuwa saa 13:00 ya Guangzhou, ukiwa bado hewani. Muulize daktari wako kabla ya kuondoka namna ya kuhama taratibu kwenda saa ya kule, na umpelekee karatasi yenye saa hizo zimeshaandikwa. Mama yetu mkubwa alisafiri na saa mbili za mkononi: ya kushoto aliiacha kwenye saa ya nyumbani kwa ajili ya vidonge, ya kulia akairekebisha kila aliposhuka. Dawa ziweke kwenye begi la mkononi, pamoja na karatasi hiyo.